Mikongo ya Benedicta

Watu wa huku Mbande wakimwona Mzee Kamugisha anapita na dumu lake, husema, "Maskini, mzee wa watu." Mie husonya. Maskini wapi? Yule ni mbishi! Miaka sita tumepakana, uzio wake ndio uzio wangu, na hajakiri hata siku moja kwamba chai yangu ni nzuri. Anainywa yote, anakung'uta kikombe, halafu anasema kahawa ya kwao Bukoba ndiyo kinywaji. Zamani nilikuwa namjibu, "Basi rudi Bukoba." Nilikuwa nasema kwa utani. Nilipokuja kujua habari yake na Bukoba, nikaacha.

Mie ni Zubeida, wa duka la kona, mjane wa Azzam, Mungu amrehemu. Nina mtoto mmoja, Aidarus, yuko Maskati, hunipigia simu Idi zote mbili. Nauza mchele, sukari, sabuni, mafuta ya kupima. Asubuhi na jioni wateja wapo, lakini mchana jua linawafungia watu ndani, barabara inabaki na vumbi lake. Ndiyo saa zile nilikuwa naburuta kigoda hadi kwenye uzio, naye upande wa pili anahangaika na kitalu chake, tunagombana kupitia matundu ya ukuta. Nasema ukweli wa Mungu: zilikuwepo siku ambazo, ukiacha "nipe nusu kilo", sikusikia neno jingine la mwanadamu ila la yule mzee.

Kazi yake ya ujana ukiisikia utacheka. Alitoka Bukoba na cheti chake cha darasa la saba, akaajiriwa kwenye kituo kimoja cha utafiti wa miti kule Morogoro, na kwa miaka thelathini na moja kazi yake ilikuwa kuinyima miche maji. Wallahi! Wataalamu wanapanga, yeye anatenda. Miche mia inamwagiliwa kila siku, mia nyingine kila baada ya siku nne, mia nyingine haipewi hata tone. Asubuhi anapita na daftari: huu umesimama, huu umelegea, huu umekufa. Anapima urefu kwa rula, anapima unene wa shina, mwishoni anaing'oa, anaikosha mizizi na kuipima nayo.

"Kwa hiyo ulikuwa unalipwa uue miti," nilimwambia.

"Nililipwa nijue ipi haifi," akasema, na pua juu. Majivuno ya Kihaya yale, hata kwa kazi ya kupima mizizi.

Lakini nilijifunza mengi kwake, siwezi kukataa. Aliniambia mche uliozoeshwa maji kila siku hujaa majani huko juu, mizizi ikabaki pale pale penye unyevu kwa sababu haina shida ya kwenda popote. Mche uliobaniwa kidogo kidogo hudumaa. Unauona mfupi, majani machache, magumu, unadhani unaumwa, kumbe chini mzizi umeshuka kutafuta. Tena akaniambia mche ukilegea saa saba mchana usiutolee hukumu. Rudi uutazame alfajiri. Ukiukuta umesimama, una uhai, ulikuwa unajikinga na jua tu. Ukiukuta alfajiri bado umelala, huo basi tena.

Mkewe, Bi Benedicta, nilimjua miaka miwili tu. Mtu wa mwavuli. Jua la Dar hakulizoea mpaka anakufa. Kutoka kwake hadi dukani kwangu ni hatua ishirini, na hizo ishirini lazima afungue mwavuli. Alizaa binti mmoja, Vaileth, kizazi kikagoma, na watu wa upande wa mume hawakumsamehe. Walimsema miaka yote, msiba walimsema, harusi walimsema, mpaka akaapa kwamba Bukoba harudi hata akiwa maiti. Basi alipofariki, Mzee Kamugisha akafanya jambo ambalo Mhaya halifanyi. Hakumsafirisha akazikwe kwenye kibanja cha ukoo, kwenye migomba. Alimzika Mvuti, kwenye kiwanja walichonunua wenyewe, mchanga mtupu, hakuna bomba wala kisima. Msibani hakufika hata ndugu yake mmoja. Kaka yake mkubwa alipiga simu mara moja tu, akamwambia, "Umemzika mtu juani kama hana kwao," akakata.

Lile neno la juani lilimwingia. Alinisimulia kwenye uzio. Ndipo akaamua kulizungushia kaburi mikongo, ile miti mikubwa ya kivuli. Mwaka wa kwanza alipanda arobaini, kiangazi kikaimaliza. Mwaka wa pili, vilevile. Nikamwambia si ununue miti ya haraka haraka, ile inayokua miaka miwili ikakupita kimo. Akakataa. Akasema mkongo una mzizi wa kwenda chini, ukivuka kiangazi chake cha kwanza hauna haja tena na mtu.

"Nataka miti isiyonihitaji, Bi Zubeida. Mie nina miaka sabini na nne, na huu moyo daktari ameshausemea. Siku nikilala, nani ataenda Mvuti na dumu?"

Nilimtafutia huyo mtu kichwani nikamkosa. Ukoo umemkata, Vaileth yuko Mwanza na mume na kazi.

Mwaka wa tatu, ndio huo uliopita, alikwenda mwenyewe Kisarawe kuokota mbegu. Mbegu za mkongo ni nzuri, nyeusi zinazong'aa, na kofia nyekundu kichwani. Akazikwaruza kwenye jiwe, akaziloweka, akazipanda kwenye viriba virefu alivyovishona mwenyewe kwa plastiki nene ili mzizi upate pa kushuka. Ikatoka miche thelathini na mbili. Safari hii, akasema, naikomaza kama tulivyofanya kituoni, sina haraka. Mwezi wa tisa akaanza: maji siku moja, mbili hakuna. Mwezi wa kumi ikawa mara moja kwa wiki, Jumamosi, kila mche kikombe kimoja cha chai. Kimoja, anapima!

Mie nilishindwa kutazama. Kwetu maji hayanyimwi. Mama yangu aliweka mtungi na kata mlangoni, anayepita anywe, asiulizwe dini wala kabila. Azzam alipofariki nami niliweka pipa mbele ya duka na kikombe cha mnyororo, thawabu zimfikie, na mpaka leo lipo. Sasa uniketishe mchana kutwa natazama viumbe thelathini na mbili vyenye kiu, na maji yapo hatua tano!

"Unaitesa," namwambia.

"Naifundisha."

"Mwalimu gani wewe? Wanafunzi wamezimia!"

"Alfajiri waliamka wote. Wewe ulikuwa umelala." Ndivyo alivyokuwa ananijibu, na kila mara ananimaliza.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja simu ikaja kutoka Mwanza. Vaileth kafanyiwa upasuaji, hali si mbaya lakini anamtaka baba yake. Mzee alizunguka kitalu kile siku nzima kabla ya kuja kwangu na ufunguo. Alinieleza mara tatu. Jumamosi tu, kikombe kimoja kwa kila mche, na isiguswe siku nyingine yoyote.

"Hata ikilala?"

"Hata ikilala. Itazame alfajiri."

"Nenda baba, mie si mtoto," nikamwambia, na iliniuma kidogo kwamba anaona haja ya kurudia.

Jumamosi ya kwanza nilitii. Kikombe kimoja kimoja, nikafunga mlango wa kitalu. Jumanne ikaja. Tangu asubuhi walikuwa wamekuja watoto wawili kununua kiberiti, basi. Nilimpigia Aidarus, simu ikaita mpaka ikachoka. Saa saba nikaburuta kigoda hadi kwenye uzio kwa mazoea, nikakaa, halafu nikakumbuka hakuna mtu upande wa pili. Nikachungulia kwenye tundu. Ile miche yote ilikuwa imening'iniza majani kama masikio ya mbuzi. Nikasema, lo, hii ni dhambi. Nikasema hii itakuwa sadaka ya Azzam. Nikachukua ndoo na kata, nikafungua mlango, nikaimwagilia yote mpaka viriba vikachuruzika.

Jioni miche ilikuwa imesimama. Basi nilifurahi kama niliyefufua wafu! Kesho yake nikaimwagilia tena, na kesho kutwa, na kila jioni kwa siku kumi na mbili, na kigoda nikakihamishia ndani ya kitalu. Ikatoa majani mapya, laini, ya kijani cha ndimu, mengine mekundu kwa uchanga. Nikajisifu. Nikasema ngoja mbishi arudi aone kitalu kinavyotunzwa. Na alfajiri sikwenda kuitazama hata siku moja. Laiti ningekwenda ile Jumanne, ningeikuta imesimama yenyewe.

Alirudi Jumapili mchana, begi bado mkononi. Mie nilikuwa nimesimama mlangoni na tabasamu langu. Akaingia, akasimama. Akashika chipukizi moja, akalikunja kwa vidole viwili, likakunjika bila kuvunjika.

"Umeipa maji," akasema.

"Niliionea huruma. Ilikuwa imelala yote, ungekuwepo ungelia."

Hakunigombeza. Akachuchumaa pale kwenye viriba vyake. "Kila jani ni mdomo, Bi Zubeida," akasema. "Midomo umeiongeza. Mzizi ni ule ule." Halafu akaniambia, "Ahsante kwa kuniangalizia," kwa adabu zote, akaingia ndani na begi lake. Afadhali angenitukana. Mtu mbishi akikupa adabu, ujue umeshatolewa nje.

Siku tisa hakukuwa na neno kwenye uzio. Siku ya kumi vuli ikashuka, mvua ya haja, na asubuhi nikaona bajaji ya mizigo mlangoni kwake, anapakia miche. Sikualikwa. Nilifunga duka, nikajitanda mtandio wangu, nikapanda nyuma na viriba. Alinitazama, akampa dereva ishara tuondoke.

Mvuti pale hakuna kitu. Kaburi la saruji, msalaba, jina la Benedicta, na mchanga mweupe kila upande. Mvua ilikuwa imekatika, jua limetoka, na ilikuwa saa nne tu. Akaniambia, "Weka mkono." Nikaweka kiganja kwenye saruji ya kaburi, nikakitoa upesi, ilikuwa inaunguza. "Saa nne hii," akasema. Nikamkumbuka Bi Benedicta na hatua zake ishirini, nikageuka upande wa pili nijifute macho. Tulipanda mpaka adhuhuri. Yeye anachimba, mie nachana viriba na kumpa mche, taratibu udongo usimwagike. Thelathini na mbili. Wengine watasema tulifanya kazi pamoja, lakini mie nilikuwa pale na nawaambia, kila mtu alikuwa peke yake.

Mvua ikanyesha siku tatu nyingine, ikaondoka moja kwa moja. Mbingu ikafunga. Mwezi wa kumi na mbili jua lilikuwa la kuchoma nyayo. Nikamwambia tukodi gari la maji, mie nitatoa, akatikisa kichwa. Yale yale: ikizoea gari, siku akilala je? Kila Jumamosi alikuwa analala Mvuti kwenye kibanda cha mlinzi wa kiwanja cha jirani ili aione alfajiri. Jumapili akirudi mie nasimama mlangoni pa duka.

"Ipo?"

"Ishirini na sita."

Wiki nyingine, kumi na tano. Wiki nyingine, sita. Jumapili ya pili ya Januari nilimwona anavyotembea sikutaka kuuliza, lakini mdomo ukauliza wenyewe.

"Hakuna," akasema. Akapita.

Majuto ni mjukuu, na mie mjukuu wangu ndiye huyo pekee niliyenaye. Usiku silali, mchana sina pa kukiweka kigoda. Yeye akawa anakuja dukani kama mteja mwingine yeyote. "Nipe nusu kilo ya sukari." Nampa. "Ahsante." Anaondoka. Februari nzima, Machi nzima. Unajua ni nini kukosa hata mtu wa kukubishia? Niliwahi kumwekea chai kwenye uzio, nikaikuta jioni na nzi ndani.

Masika yakaingia, na mwaka huu yaliingia kwa hasira, siku tatu mfululizo bila kupumua. Siku ya tatu, mchana, nimekaa dukani kwenye giza la mvua, naona mtu anavuka barabara bila mwavuli wala mfuko kichwani. Alikuwa yeye. Akasimama chini ya bati la kibarazani, anachuruzika. Nikangoja aseme nusu kilo. Akakaa kwenye gunia la chumvi.

Basi nikaona ni sasa au kamwe.

"Mzee Kamugisha," nikasema, "ile miche niliiua mie, na sikuiua kwa huruma. Nilikudanganya, na nilimdanganya na Azzam kaburini mwake. Haikuwa sadaka. Ulipoondoka sikuwa na mtu. Nilikuwa nakaa mle ndani na kata mkononi, naongea nayo. Naiambia leo nimeuza nini, naiambia Aidarus hapokei simu. Ikichipua naona nimesikilizwa. Nilijua umenikataza. Nilijua ni ya mkeo. Nilikuwa mpweke, ndiyo hivyo, na nikaimwagilia."

Nilikuwa nalia, sioni haya kusema. Akanitazama kama alivyokuwa akitazama viriba.

"Waitu," akasema mwishowe, kama wanavyomwita mtu wa heshima kwao Bukoba. "Haikufa kwa maji yako."

"Usinifariji."

"Sikufariji. Nisikilize. Kazi ile nimeifanya miaka thelathini na moja. Mche ukilegezwa na maji, dawa yake ni kungoja. Unaubania tena miezi minne, mitano, majani yale laini yanapukutika, unatoa magumu. Halafu unaupanda masika. Ni jambo dogo. Nilipolikunja lile chipukizi nilishajua ikienda Mvuti vuli ile haifiki popote."

Mie nikabaki mdomo wazi. "Sasa kwa nini uliipanda?"

Alikamua maji kwenye mkono wa shati, pole pole, akaukunja.

"Niliogopa sitafika masika," akasema. "Kule Mwanza nilianguka bafuni. Sikukwambia. Nikasema nikingoja, nikafa huku miche ikiwa bado kwenye viriba, atabaki juani moja kwa moja. Heri niipande hivyo hivyo, labda. Nikaipanda nikijua. Halafu ukawa unajilaumu, nakuona, nami nikakuacha ujilaumu, kwa sababu ilikuwa nyepesi kuliko kujilaumu mie."

Hapo nilitaka kumpiga na kile kibao cha kukatia sabuni. Miezi mitano! Miezi mitano amenikalisha gizani na dhambi ambayo nusu yake ni yake. Lakini nilipomtazama usoni hasira haikupata pa kukaa. Alikuwa anatazama barabara, mvua inavyoipiga, maji yanakimbilia mtaroni.

"Masika ndiyo haya, Bi Zubeida," akasema. "Mie nipo."

Alilisema kwa masikitiko, kama mtu aliyetendewa jambo lisilo haki. Mvua ile ilikuwa inanyesha mpaka Mvuti, tulijua wote wawili, inanyesha juu ya saruji ya Benedicta na kwenye mashimo thelathini na mawili yasiyo na kitu. Tulikaa pale tukiisikiliza mpaka ilipokatika, kisha akanyanyuka, akaenda kwake.